Neno Waliloandika kwenye Kadi ya Clarice Dewhirst

Usijitie hamnazo. Umewahi kuliona neno la aina hii limeandikwa juu ya mtu unayemjua, ukageuza shingo. Labda lilikuwa kwenye faili la hospitali, labda kwenye barua ya mwalimu mkuu, labda kwenye kadi ya ofisi ya nyumba kama hii ninayotaka kukusimulia. Ulilisoma, ukajua si kweli, ukajiambia halikuhusu, ukaenda zako kunywa chai. Najua, kwa sababu chai hiyo nami niliinywa. Ilikuwa mwaka 1961, na ilikuwa tamu.

Neno lenyewe ni *unkempt*. Nywele timutimu, nguo zimevaliwa hobelahobela, mtu kajiachia: ndiyo maana wanayoikusudia wanapoliandika. Mtaani hulisikii. Mama yangu hakuwahi kulitamka maishani mwake. Yeye akikuona umevurugika angekwambia, "Hebu jitazame, umekuwa kama ufagio," yakaisha, ukaenda kunawa. *Unkempt* halimalizwi kwa kunawa. Ni neno la mtu aliyesimama na kalamu mlangoni kwako, na akishaliandika anaondoka nalo.

Mtaa wetu uliitwa Alma. Nyumba kumi na nne kwa safu, zenye namba witiri tu, namba moja chini penye barabara kuu, namba ishirini na saba juu karibu na kanisa la Wamethodisti. Kuta nyeusi kwa moshi wa viwanda vya sufu. Ndani ya weusi huo wanawake wetu walipiga magoti kila asubuhi, wakaosha kizingiti, wakakisugua kwa lile jiwe la rangi ya maziwa ambalo mwokota matambara alikupa ukimpa nguo zako kuukuu. Kizingiti kisiposuguliwa hadi saa tatu, mtaa mzima ulishajua: kuna mgonjwa, au kuna ugomvi.

Cha kwanza kung'aa kila siku kilikuwa cha namba ishirini na saba. Hapo alikaa Clarice Dewhirst na mumewe Wilf. Clarice alikuwa na miaka hamsini na saba, mashine yake kiwandani ilitazamana na yangu, na udogoni nilimwita shangazi kama watoto wote wa Alma walivyomwita. Wilf alifungua marobota ya sufu tangu akiwa na miaka kumi na minne. Vumbi la marobota likamla mapafu. Mwaka huo alikuwa halali tena ghorofani. Kitanda kiliteremshwa sebuleni, kwa sababu ngazi kumi na mbili zilimchukua robo saa. Daktari alisema kitu kimoja tu: mtoeni kwenye moshi, mpelekeni juu.

Juu palikuwapo. Halmashauri ya mji ilikuwa imeamua kuubomoa mtaa wetu, na kule Larkmoor, mlimani, ilishajenga nyumba mpya zenye bafu ndani na bustani nyuma. Lakini si kila mtu angepelekwa Larkmoor. Ofisi ya nyumba ingemtuma mkaguzi apite mlango kwa mlango na kuandika kadi. Daraja la kwanza na la pili, Larkmoor. Daraja la tatu, maghorofa ya zamani yaliyo ubavuni mwa kiwanda cha gesi, ambako hata kunguru wanakohoa.

Siku ya ukaguzi tuliijua: Jumanne, saa nne. Jumatatu jioni wanawake walikutana uani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikivuta sigara, kwa hiyo nilisikia yote.

"Sebule yangu inatisha hata panya," alisema Ivy Hardcastle wa namba tano, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua vikombe. "Clarice, kipenzi, niazime lile zulia lako. Huyo mama akishapita tu nakurudishia. Nitalibeba kama mtoto mchanga."

Zulia hilo Clarice alilishona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vya kiwandani, lina umbo la almasi nyekundu katikati. Mtaa mzima ulilijua.

"Ukilimwagia chai, Ivy, nitakupangusia nalo uso."

"Na mimi kitandiko," akasema mama yangu, Edith Feather, namba tisa. "Kile cheupe."

"Edith, kitandiko kile ndicho alichofunikwa mama siku ya mazishi yake."

"Basi na mzimu wake uje, unisaidie kufagia."

Wakacheka. Mipango ikapangwa. Kila mtu aliyewahi kuja Alma kwa kazi, mkusanya kodi, wa bima, wa makaa, alianzia namba moja, penye barabara. Kwa hiyo vitu vya Clarice, zulia, kitandiko, seti ya chai yenye ukingo wa buluu, mapazia ya lesi, vingeanzia chini. Mkaguzi akitoka namba moja, vinapitishwa juu ya ukuta wa nyuma kwenda namba tatu, kisha namba tano, vikimtangulia nyumba kwa nyumba, hadi vifike vyote nyumbani kwao, namba ishirini na saba, kabla hajabisha mlango wa mwisho. Hii haikuwa ajabu kwetu. Hivyo ndivyo tulivyooana na kuzikana, kwa vitu vya kuazimana.

Kazi ya mlinzi nilipewa mimi. Zamu yangu ilianza mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sauti kubwa.

Jumanne asubuhi mafundi wa bomba la gesi walichimba mtaro upande wa chini wa mtaa, tokea ukuta hadi ukuta. Nilisimama hapo nikiwatazama, nikawa nawatania kuhusu koleo lao moja kwa watu wanne. Sikufikiria kwamba gari haliwezi kuruka mtaro. Saa nne kasoro dakika tano nikageuka, nikaona kigari cha kijivu kimeegeshwa juu, karibu na kanisa, na mwanamke mrefu mwenye koti la bluu anabisha namba ishirini na saba.

Clarice hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa namba tano, amevaa aproni ya gunia, anamng'arishia Ivy jiko la makaa kwa rangi nyeusi, kwa sababu Ivy mgongo ulikuwa umemkaza. Niliingia kwa kishindo.

"Shangazi! Yuko mlangoni kwako!"

"Nani?"

"Mkaguzi! Ameanzia juu!"

Alitoka mbio kwa uchochoro wa nyuma jinsi alivyokuwa, mikono myeusi hadi viwikoni, kilemba cha kitambaa kimemshuka hadi nyusi. Nilimfuata. Niliishia mlango wake wa nyuma, nikasikia kila neno, na kupitia ufa niliona.

Mkaguzi, Bi Pargeter, alikuwa keshafunguliwa na Wilf, ambaye alijikokota hadi mlangoni na sasa amerudi kitandani akihema. Dirisha tupu. Sakafu tupu. Juu ya Wilf yalikuwa makoti mawili, basi.

"Bi Dewhirst?"

"Ndiye mimi, mama. Samahani, nilikuwa kwa jirani."

"Mumeo hulala hivi? Hakuna kitandiko?"

"Kipo, mama. Kipo... kimefuliwa."

Bi Pargeter akainua macho kutoka kwenye kadi. "Leo ni Jumanne."

Nikafumba macho. Kwetu kufua ni Jumatatu. Jumatatu kamba zinavuka mtaa kutoka dirisha hadi dirisha, na hata wapiga kura wa vyama viwili hushikiana kamba. Anayefua Jumanne ni mvivu aliyeshindwa na Jumatatu. Kati ya uongo wote aliokuwa nao, Clarice alichagua ule ambao mwanamke yeyote wa Alma angeona aibu kuusikia. Aliuchagua kwa sababu hakuwahi kuzoea kudanganya.

"Mwambie, Clarice," Wilf akasema kutoka kitandani. "Mwambie vilipo."

"Nyamaza, Wilf, unajichosha."

Hapo, sentensi moja tu ingetosha. Vitu vyangu viko chini, namba moja, vinasubiri kuzungushwa, njoo nikuonyeshe. Angeisema, angeokoka, na nyumba nyingine zote zingeumbuka. Alijifuta mikono kwenye aproni. Bi Pargeter akaandika, si muda mrefu, akasema asante, akatoka.

Kufikia hapo akina mama walikuwa wameshapindua mpango. Zulia lilipanda mtaa kwa uchochoro likafika namba ishirini na tano mkaguzi akiwa bado anafuta viatu, na kutoka hapo likaanza kuteremka. Ishirini na tatu. Ishirini na moja. Namba tano, Bi Pargeter alisimama juu ya ile almasi nyekundu akaitazama.

"Zulia la namna hii linapendwa sana mtaani kwenu."

"Ndiyo, mama," akasema Ivy bila kupepesa. "Ndiyo mtindo wa mwaka huu."

Tulicheka uchochoroni hadi tukashikana mabega. Nami nilicheka. Hilo sijalisahau na sitaki mtu anisahaulishe.

Baada ya wiki tatu barua zikaja. Nyumba kumi na tatu, Larkmoor. Namba ishirini na saba, maghorofa ya kiwanda cha gesi.

Nilikwenda ofisini kwa niaba yao, kwa kuwa Wilf hakuweza na Clarice hakutaka. Karani alikataa kunionyesha kadi, lakini aliiweka mezani mbele yake. Kusoma maandishi yaliyopinduka nilijifundisha mwenyewe, kwenye meza za mameneja. Iliandikwa: mume mgonjwa kitandani, hakuna matandiko, sakafu haina kitu, mwanamke *unkempt*, daraja la tatu.

Nilimpelekea Clarice habari hiyo. Alikuwa anamenya viazi.

"Hilo neno maana yake nini, Clifford?"

Nilimwambia. Akaacha kisu.

"Nywele zangu? Aliziona wapi? Nilikuwa nimefunga kitambaa."

"Si nywele tu, shangazi. Wanalitumia kwa mtu wote, tangu utosi hadi unyayo."

"Utosi hadi unyayo," alisema. Akaendelea kumenya, maganda membamba mpaka unaona kisu kupitia kwayo. "Wilf amelisikia?"

"Hapana."

"Basi asilisikie."

Jumamosi nilikwenda maktaba ya mji kulitafuta katika kamusi kubwa, kwa sababu siamini neno ambalo sijalisoma mwenyewe. Limetoka kwenye kuchana. Mwanzo kabisa lilimaanisha kitu kisichochanwa. Baadaye likahamia kwenye nguo, kwenye bustani yenye magugu, kwenye ndevu, halafu kwenye mtu aliyejitelekeza. Miaka ishirini na miwili Clarice alisimama kwenye mashine ya kuchana sufu. Pengine koti lile la bluu lilipita mikononi mwake. Lakini hasira yangu haikuwa hapo. Nilianza kuangalia ni nani anayeandikiwa. Nilisoma magazeti ya mwezi mzima. Ndugu yake mwenye kiwanda chetu alikuwa na nywele kama kiota na mifuko iliyotoboka, na gazeti lilimwita mtu wa fikra nyingi. Mshairi fulani asiyeoga lilimwita huru. *Unkempt* nililikuta kwenye kurasa za mahakama: mtuhumiwa, mlevi, mama wa watoto sita. Hakuna mwenye mali hata mmoja. Neno hilo halielezi jinsi ulivyo. Linaeleza ni nani amepewa ruhusa ya kukutazama.

Nilirudi ofisini nikasubiri hadi nikamwona Bi Pargeter mwenyewe. Nilimweleza yote: zulia, kitandiko, mtaro. Nilidhani namfunulia siri.

"Zulia lile nililiona mara nne, Bwana Feather," alisema. "Kitandiko mara tano. Mimi si kipofu."

"Ulijua?"

"Nilijua kufikia nyumba ya tatu."

"Na kadi yake hukuirudia?"

"Kadi ina safu tatu. Hakuna safu ya kitu kilichoazimwa. Naandika ninachokiona katika nyumba niliyomo." Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alizungumza kama mtu anayekuonyesha njia ya stesheni. "Wapangaji wakileta tamko lenye saini zao kwamba vitu vilikuwa vya Bi Dewhirst, kadi yake itafunguliwa. Hadi tarehe thelathini."

"Na kadi zao?"

"Zitafunguliwa pia."

Niliandika tamko kwa mkono wangu, sentensi nne, nikaenda mlango kwa mlango. Nikaanza na Ivy.

"Nisaini kwamba zulia si langu," alisema. "Halafu?"

"Halafu Wilf anapata pumzi."

"Halafu mimi na watoto wanne tunapelekwa gesi. We Clifford, usiniangalie hivyo. Clarice nampenda kuliko dada yangu. Muulize."

"Nakuuliza wewe."

"Lete saini ya mwenzangu mmoja kwanza. Mimi nitasaini wa pili."

Namba saba naye alikuwa tayari kusaini wa pili. Namba kumi na moja pia, na kumi na tano, na kumi na tisa. Nyumba kumi na mbili zote zilikuwa tayari kusaini wa pili. Nyumba ya kumi na tatu ilikuwa yetu. Mama alikuwa anapasi.

"Saini yangu utaipata," alisema bila kugeuka, "nikishashika funguo."

"Ukishashika funguo tarehe itakuwa imepita."

"Nimefagia masizi ya mji huu miaka thelathini na tano, Clifford. Nataka bafu. Nataka kujifungia bafuni mimi peke yangu nilie kama nikitaka. Huyo Clarice hata hakuniomba. Aliniomba?"

Hakuwa amemwomba. Nilipomwendea Clarice anisaidie kuwabembeleza alikataa. "Nilitoa kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Siendi kudai asante mlangoni mwa mtu."

Na mimi? Mimi nilikuwa mlinzi. Ningeweza kuliweka jina langu juu kabisa, kama shahidi, na wale kumi na wawili wangekuwa na mtu wa kumfuata. Nilijiambia kwamba aliyeandika tamko hasaini, kwamba kitabu cha kodi kina jina la mama, kwamba nikisaini nitakuwa nimemfukuza mama yangu kwenye bafu lake. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Tarehe thelathini ikafika na karatasi iko mfukoni mwangu, sentensi nne na weupe chini yake. Tukahamia Larkmoor. Jioni ya kwanza mama alifungua bomba la maji ya moto, akalifunga, akalifungua tena, kisha akanitilia chai katika jiko jipya.

Wilf Dewhirst alikufa Februari ya pili tangu wahamie kule kwenye gesi. Jeneza liliteremshwa ngazi za ghorofa tatu likiwa limesimama, kwa kuwa kona hazikutosha. Tulikwenda wote. Ivy alioka keki.

Nimeandika habari hizi leo, 1975, kwa sababu maghorofa yale nayo yanabomolewa. Clarice ana miaka sabini na mmoja na magoti mabovu. Ameomba moja ya zile nyumba ndogo za wazee Larkmoor, zisizo na ngazi. Mkaguzi mpya, kijana mwenye kalamu nzuri, alikaa kwake dakika saba. Nilikuwapo. Kizingiti, ambacho hapo ni saruji tupu ya ukumbi wa ghorofa, kilikuwa kimesuguliwa. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimebanwa kwa pini sita. Juzi nimeisoma kadi mpya, imepinduka kama ile ya kwanza. Kijana hakuandika alichokiona. Alilifungua faili la zamani akanakili. Mwanamke *unkempt*, daraja la tatu. Wanampa chumba ghorofa ya kumi na moja, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi wiki moja na kupumzika mbili.

Safari hii jina langu liko juu. Mama yangu alifariki bila kusaini, nami nimeandika hilo pia, Mungu atusamehe sote wawili. Ivy Hardcastle amesaini jana. Akaniambia, "Andika na hili, kwamba zulia nilikaa nalo hadi Alhamisi." Ofisi inasema sheria ni ileile: saini za waliokuwa na vitu, kadi itafunguliwa. Safari hii hakuna atakayenyang'anywa nyumba. Nimewalazimisha waliandike na wapige muhuri. Waliokuwa wapangaji wa Alma na bado wako hai ni tisa. Wawili wamesaini tangu nianze, Ivy na mwingine mmoja, nao hawakai tena Larkmoor. Wengine mko hapahapa mlimani, naona moshi wa dohani zenu nikiandika. Ofisi inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Niko jikoni kwangu, mlango sijaufunga kwa ufunguo. Njoo usaini. Usiulize nani mwingine ameshakuja.

Na wewe ambaye hukuzaliwa Alma, usinifungie ukurasa. Kuna mtu unayemjua ambaye neno kama hilo limeandikwa juu yake, na linanakiliwa na vijana wasioinua macho. Ulikuwapo, uliona alivyokuwa kweli. Vaa koti. Nenda kwenye ofisi hiyo leo, omba faili lake, liwekwe mezani lisomeke, na chini ya neno lile andika ulichokiona, weka jina lako kamili na anwani yako, na usitoke mpaka wapige muhuri.